Kiti cha Kijani na Mbwa wa Jirani

Katika idara ya dharura ya hospitali ile kuna kiti cha plastiki cha rangi ya kijani, mguu mmoja umefungwa plasta ya kidonda, ambacho mgonjwa haruhusiwi kukikalia. Huegemezwa ukutani nyuma ya mlango wa chumba cha mashuka safi. Wauguzi wanakijua, walinzi wanakijua, hata wauza maji wa getini. Kikitoka mlangoni kimebebwa, mazungumzo ya ukumbini hupungua yenyewe. Aliyekibeba kwa miaka sita ni mhudumu wa wodi, mwanamke wa miaka ishirini na saba, mfupi, mpana wa mabega, ambaye jina la kwenye kitambulisho chake hakuna anayelitumia. Wote wanamwita Dada Kiti.

Kwa maandishi, kazi yake ni kusukuma machela, kubadili mashuka, kuosha mabakuli ya wodini na kupeleka damu maabara. Suala la kiti halikuandikwa popote. Lilianza mwaka wake wa kwanza kazini, siku daktari mmoja kijana alipomwambia mama mmoja, wote wawili wakiwa wamesimama ukumbini, kwamba mumewe amefariki. Mama yule alianguka kama gunia, akavunjika mfupa wa bega. Walioanza asubuhi na maiti mmoja wakawa na maiti mmoja na majeruhi mmoja. Matroni, mwanamke ambaye hakupandisha sauti kwa sababu hakuwahi kuhitaji, aliwaita wote na kutoa amri tatu. Mtu asipewe habari mbaya akiwa amesimama. Asipewe akiwa peke yake. Na kabla ya lolote aulizwe amekuja na nani, kisha huyo aliyekuja naye asubiriwe mpaka afike.

"Lakini Matroni, na hii foleni yote?" daktari alisema.

"Habari mbaya haina haraka, mwanangu. Ilishafika," Matroni alimjibu, kisha akageuka. "Wewe, lete kiti."

Aliyeambiwa "wewe" alikuwa yeye. Akaleta, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia aache. Hukiweka, humkalisha mtu, huuliza "Umekuja na nani?", na kama jibu ni "peke yangu" huomba namba ya simu na kumpigia dada, mpwa, jirani, yeyote. Halafu husubiri naye. Hasemi pole, kwa kuwa pole ingefichua siri. Huuliza mtu ametoka wapi na amefikaje. Daktari akija, nusu ya kazi imeshafanyika.

"Akikujia na kiti, usimuulize habari," walinzi walikuwa wakitaniana. "Mwambie tu, dada, mimi nimeshakaa."

Mwenyewe alikuwa na macho yake kwenye mlango wa pili kushoto, chumba cha fiziotherapia. Humo kuna vyuma viwili vya kushikilia wanaojifunza kutembea upya, kioo kirefu, na mifupa bandia ya binadamu ambayo mtaalamu wa chumba hicho hutundikia koti lake. Mtaalamu ni mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mkavu, mwenye filimbi shingoni ambayo hajawahi kuipuliza. Wagonjwa wanamwita Kocha. Miaka minne iliyopita Dada Kiti alimsukuma kwa kigari mjenzi mmoja aliyeanguka kutoka ghorofa ya pili, kila asubuhi, kwa wiki tisa, kutoka wodini hadi kwenye vyuma vile. Wiki ya tisa mjenzi aliviacha vyuma, akatembea hatua sita hadi dirishani, akatazama nje kama mtu anayekagua ukuta wa mwenzake, kisha akamwambia, "Sista, hicho kigari chako kakipande wewe." Jioni hiyo hiyo Dada Kiti alirudi kwa Kocha na kumuuliza kazi ile husomewa wapi.

Nchini haikuwa ikisomewa. Kocha mwenyewe aliisomea ng'ambo, katika chuo kikuu ambacho kila mwaka huchukua wanafunzi sitini wa fiziotherapia, na kati ya hao wanne tu ni wageni. Wanne hao hulipiwa kila kitu. Ndiyo maana hugombewa.

Nyumbani, mama yake, fundi cherehani anayeshona sare za shule barazani, hakuielewa kazi yenyewe.

"Yaani kukanda?"

"Si kukanda, mama. Ni kumfundisha mtu kutembea."

"Wewe nilikufundisha kutembea kwa kukuwekea kipande cha mkate upande wa pili wa mkeka. Sikuwa na shahada."

Mwaka wa kwanza maombi yake yalirudi. Chuo kilitaka orodha ya mada alizosoma katika biolojia ya sekondari, mada moja moja, zenye muhuri wa shule. Mwalimu mkuu wa shule yake ya zamani alimpa barua nzuri inayosema kwamba alisoma biolojia kwa bidii na alikuwa na heshima. Mada zilipopatikana na kugongwa muhuri, dirisha la maombi lilikuwa limefungwa siku kumi na moja nyuma. Mwaka wa pili kila karatasi ilikuwa mahali pake, ila mtihani wa lugha ulimpungukia nusu alama, upande wa kuandika. Mwaka wa tatu alifanya mtihani upya akaupita. Waombaji mia nane na kumi na mmoja walichujwa wakabaki thelathini na wanane wa kuhojiwa, naye akiwamo.

Mwaka huo wa tatu ulikuwa wa mwisho. Chuo hakipokei matokeo ya sayansi yaliyozidi miaka minane, na yake yalitimiza minane mwezi ule ule wa usaili. Akikosa, angelazimika kurudi kidato, akae dawati moja na watoto wa miaka kumi na saba, afanye mitihani yote upya.

"Sare nitakushonea," mama alimwambia. "Kitambaa kipo."

Usaili ungefanyika kwa kompyuta, kwa lugha ya kigeni, katika vituo sita. Kila kituo dakika saba. Kabla ya kila kituo mwombaji hupewa dakika moja ya kusoma swali, kisha kengele inalia na sura mpya inatokea kwenye kioo cha kompyuta. Kocha aliyajua haya kwa sababu naye alipitia mlango huo, ingawa wakati wake walihojiwa ana kwa ana na alikwenda kwa ndege amevaa suti ya shemeji yake. Alimfundisha wiki tatu, saa ya chakula cha mchana, na saa ya ukutani mbele yao.

Tatizo la kwanza lilikuwa kujisifu.

"Nieleze siku uliyomsaidia mgonjwa kwa namna ya pekee."

"Tulimwinua mzee mmoja aliyekuwa amekwama chooni."

"Nani alimwinua?"

"Sisi."

"Sisi hatuombi chuo. Nani alimwinua?"

"Mimi nilishika kwapani. Lakini Kocha, mgema akisifiwa..."

"Najua, tembo hulitia maji. Huko unakokwenda, mgema asipojisifu mwenyewe hakuna anayeonja. Rudia. Mimi."

"Mimi," alisema, na akacheka kwa aibu kama mtu aliyetajiwa mchumba. Wiki ya tatu alikuwa akisema "mimi" bila kucheka. Walipitia maswali ya maadili, ya takwimu, ya kwa nini fiziotherapia na si uuguzi. Swali la kutoa habari mbaya walilifanya mara moja tu. Kocha alimtazama anavyoanza, akafunga daftari. "Hili tusipoteze muda nalo. Hili unalijua kuliko mimi."

Kocha alipokumbushwa sentensi hiyo baadaye, alisema ndiyo, aliitamka.

Siku ya usaili ilikuwa Jumanne, saa nane mchana. Kocha alifunga chumba chake kwa karatasi iliyoandikwa "Matengenezo", akaigeuza mifupa bandia ielekee ukutani ili isionekane kwenye picha, kisha akakaa nje ya mlango kuzuia wagonjwa. Dada Kiti alivaa blauzi nyeupe aliyoshonewa na mama yake. Kituo cha kwanza kilikwenda vizuri. Cha pili, alitakiwa kumwelekeza mtu kukunja karatasi iwe sanduku bila yeye kutumia mikono, na sanduku likakunjika. Cha tatu aliulizwa kosa alilowahi kufanya kazini. Alisimulia siku alipopeleka damu ya mgonjwa mmoja kwa jina la mwingine, jinsi alivyogundua ngazini, na alivyorudi kusema kabla hajaulizwa. Alisema "mimi" mara tisa. Kocha alihesabu kupitia mlangoni.

Cha nne, kioo kiliandika hivi: Jirani yako alisafiri akakuachia mbwa wake. Ulisahau kufunga geti, mbwa akatoka, akagongwa na gari, akafa. Jirani amerudi leo. Mwambie.

Alisoma mara mbili. Kengele ikalia.

Akatokea mwanamke wa makamo mwenye sweta la bluu, mwigizaji aliyelipwa na chuo kuwa jirani siku nzima. Pembeni yake, nje ya picha, alikuwapo msahihishaji na karatasi yake ya alama. Mwanamke yule alikuwa amesimama.

"Jirani! Nimerudi," alisema kwa furaha. "Yuko wapi mbwa wangu?"

Dada Kiti alinyoosha mgongo. Miaka sita ya kazi ilimshika.

"Karibu. Umesafiri salama? Hapo ulipo kuna kiti?"

"Kiti? Ndiyo, kipo."

"Naomba ukae."

Mwanamke akasita, kisha akakaa.

"Umekuja na nani?"

"Na nani? Nimekuja peke yangu. Mbwa wangu yuko wapi?"

"Tutafika kwake. Nyumbani kwako yuko nani sasa hivi?"

Mwigizaji alitupa jicho pembeni, alikokaa msahihishaji. Katika karatasi yake hapakuwa na mtu nyumbani. "Mume wangu," alisema baada ya kufikiri.

"Unaweza kumwita?"

"Ninaweza."

"Basi mwite. Tutamsubiri."

Mwigizaji akanyanyua simu isiyokuwapo, akaongea na mume asiyekuwapo, akairudisha mezani. "Anakuja," alisema. "Yuko dukani."

"Sawa. Hatuna haraka."

Wakasubiri. Dada Kiti alimuuliza safari ilikuwa ndefu kiasi gani na kama alipata kulala njiani. Mwanamke alijibu, mwanzoni kwa kuigiza, kisha kwa sauti ya kawaida zaidi, kwamba alikuwa amechoka, kwamba siku hiyo ilikuwa imeanza mapema sana. Mume hakufika. Dakika ya saba kengele ililia, kioo kikawa cheusi, na mbwa wa jirani akabaki hajafa.

Alielewa kilichotokea kabla kituo cha tano hakijaanza. Alikifanya cha tano na cha sita kwa sauti ile ile, akijibu kilichoulizwa, mikono chini ya meza. Alipofungua mlango Kocha alisimama.

"Nimekosa moja," alisema.

"Ipi?"

"Habari mbaya."

Kocha alimtazama kama mtu aliyeambiwa samaki amezama. Aliposimuliwa mpaka mwisho aliishika filimbi yake, akaiachia.

"Mbwa," alisema.

"Sikujua atakuja na nani."

"Kiti, mwanangu. Ni mbwa. Huko wanakupa dakika saba uwaonyeshe kwamba unaweza kusema. Wanataka usikie uchungu kidogo, uombe radhi kwa sababu geti uliliacha wazi wewe, umalize. Hata mume hayupo!"

"Alisema yuko dukani."

Kocha akaibandua ile karatasi ya matengenezo mlangoni.

Mama alilipokea jambo hilo kwa njia yake. Alisimamisha cherehani, akavua miwani. "Umekosa chuo kwa ajili ya mbwa wa mtu? Mbwa ambaye hayupo, wa mwanamke ambaye si jirani yako, mkamsubiri mume ambaye hajaoa?"

"Ndiyo, mama."

"Haya. Njoo nikupime kiuno. Sketi za kidato zimebadilishwa mshono."

Chuo kile humtumia kila aliyehojiwa alama zake, kituo kwa kituo. Zilifika baada ya wiki tano. Vituo vitano vilikuwa na saba, nane na tisa. Cha nne kilikuwa na safu mbili, kwa kuwa penye mwigizaji naye hupewa alama za kutoa. Msahihishaji alimpa moja kati ya kumi na kuandika: Hakufikisha ujumbe. Mwigizaji alimpa kumi. Maelezo yake yalikuwa mstari mmoja: Wote waliotangulia waliniambia mbwa amekufa nikiwa nimesimama.

Jumla ilimweka wa tano. Nafasi zilikuwa nne.

Barua ilisema yuko katika orodha ya akiba, namba moja. Mmoja wa wale wanne asipothibitisha kabla ya Ijumaa ya wiki ya tatu, saa sita mchana kwa saa za kule, nafasi itakuwa yake. Kocha alimweleza kwamba waombaji wa aina hii huomba vyuo vitatu hadi vitano kwa pamoja, huchukua kilicho bora, na vingine huviacha dakika za mwisho. Alimweleza pia kwamba kuna miaka ambayo hakuna anayeacha. Matroni alipoambiwa aliuliza swali moja tu, kama kule huyo mwigizaji ni mtumishi wa kudumu.

Dada Kiti aliendelea na zamu zake. Katika wiki tatu hizo kiti kilitoka nyuma ya mlango mara kumi na nne. Simu yake aliiweka kwenye mfuko wa aproni, sauti imezimwa, na alikuwa akiitazama akiingia zamu na akitoka. Hakuitazama katikati. Jumatatu ya wiki ya mwisho palikuwa kimya. Jumanne vile vile. Mlinzi mmoja alimuuliza, "Dada Kiti, wazungu wako wamesemaje?" naye akajibu, "Wako dukani." Ikawa msemo wa getini. Mtu akichelewa kurudisha baiskeli ya mwenzake, yuko dukani.

Jumatano saa tisa alasiri, akitoka zamu, alikuta barua pepe ya mistari mitano. Mwombaji mmoja, ambaye jina na nchi yake havikutajwa, alikuwa amechagua chuo kingine. Dada Kiti aliisoma amesimama ukumbini, hatua chache kutoka pale mama wa bega alipoangukia. Alirudi ndani, akaingia mlango wa pili kushoto, akamwonyesha Kocha. Kocha aliisoma, akaisoma tena, akalitoa koti lake kwenye mifupa na kulivaa.

"Twende kwa mama yako," alisema. "Nataka niwepo."

Walimkuta barazani, amesimama mbele ya meza, anakata kitambaa cha sare kwa mkasi mkubwa. Pembeni palikuwa na kiti cha wateja, cha plastiki, cheupe. Dada Kiti alisalimia. Kisha mikono yake, bila yeye kuituma, ilikishika kiti kile, ikakisogeza mpaka nyuma ya magoti ya mama yake.

Mkasi ulisimama katikati ya kitambaa.

"Nani?" mama aliuliza.

"Mama, keti kwanza."

"Nakuuliza nani. Mjomba wako?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Basi niondolee hicho kiti! Na huyu umekuja naye wa nini?" Alimwelekezea Kocha mkasi.

"Mimi msindikizaji tu, mama," Kocha alisema.

"Wasindikizaji ndio ninaowaogopa. Ninyi kazi zenu nazijua, mtaa mzima unazijua. Wewe, sema. Sema hivi hivi nimesimama, na usiniulize nimekuja na nani, hapa ni kwangu!"

Dada Kiti akageuka. Akamtazama Kocha. Kocha alikuwa anatazama saa yake ya mkononi.

"Nimepata," Dada Kiti alisema.

"Umepata nini? Homa?"

"Nafasi. Chuo. Mmoja amejitoa."

Mama aliuweka mkasi mezani. Kisha alicheka, kicheko kirefu kilichomfanya jirani wa upande wa pili achungulie dirishani, akapiga meza kwa kofi. "Kumbe unaweza! Neno moja! Neno moja tu ulishindwa kumwambia yule mwenye mbwa, ukatutesa wiki nane!" Alimkumbatia, akamsukuma amtazame, akamkumbatia tena. Akamwambia Kocha asimame vizuri, mbona anajikunyata kama mdaiwa. Akauliza kama kule kuna baridi, kama blauzi nyeupe itafaa, kama wanajua kwamba ni mtu wa kula asubuhi. Akauliza ni miaka mingapi.

"Minne."

"Na likizo unakuja."

"Tiketi ni moja ya kwenda, mama, na moja ya kurudi mwishoni."

Mama alikunja kile kitambaa alichokikata nusu, mara mbili, pembe kwa pembe, ingawa kilikuwa hakijamalizika. "Unaondoka lini?"

Dada Kiti alitazama kile kitambaa. Hakukitazama kiti, lakini mkono wake ulikuwa umekirudia, umeshika egemeo lake.

Mama aliuona ule mkono. Akavuta kiti mwenyewe, akakipeleka kivulini, akakaa, akaweka viganja magotini. Alimwita Kocha kwa kidole asogee, asimame pale ubavuni mwake. Kocha akasogea.

"Haya," mama alisema. "Sasa niambie tarehe."